Kuwafunza Watoto Habari za Mafuriko kwa Njia ya Michezo

Mazungumzo mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Vanga

 

Nimeombwa nieleze kazi tunayoifanya na watoto wa shule, hii ya michezo. Najua wengine mmekuja kwa ajili ya habari za mkopo wa kikundi. Hiyo ni baada ya chakula, mtulie. Na najua pia kuna wanaosema, huyu mama wa parokia amekosa kazi, ashinda na watoto wa watu akimwaga maji mchangani. Mzee mmoja aliniambia hivyo hivyo, waziwazi, mbele ya wavuvi. Nikamwambia, Mzee, njoo uone mwenyewe. Akaja, na nitarudi kwake, maana yeye ndiye aliyenifunza zaidi ya wote.

Siku ya kwanza niliingia darasani, Gredi ya 5, nikauliza: mafuriko huletwa na nini? Darasa zima: "Mvua!" Nikauliza: mvua ya wapi? Kimya. Halafu msichana mmoja akasema, lakini nyumbani kwetu maji yaliingia usiku na mchana wake jua lilikuwa kali. Wenzake wakamcheka. Nikawaambia wasimcheke, amesema kweli tupu. Sisi hapa twakaa mwisho wa mto Umba. Mto huu unatoka milima ya Usambara, Tanzania, ukapita nyika, ukavuka mpaka, ndipo ukaja kuingia baharini hapa kwetu. Ikinyesha sana kule Usambara, maji hayaji kutuuliza kama Vanga kumenyesha. Mwakumbuka Mei 2017, Umba ulipovunja kingo zake na watu wakahama na magodoro kichwani. Wenye umri wangu na zaidi mwakumbuka na El Niño ya 1997.

Lakini mtoto wa miaka kumi wa leo hakuiona 1997, na 2017 alikuwa mgongoni mwa mama yake. Ukimsomea kitabu atakariri, aandike mtihani, asahau. Kwa hiyo tukaamua kucheza.

Mchezo wa kwanza ni wa kopo. Chukua kopo la Kimbo, litoboe matundu kwa msumari upande wa chini. Hiyo ndiyo mvua yako. Chukua masinia mawili makuukuu. Moja lijaze udongo na ukoka wake, uliong'olewa pamoja na mizizi. La pili lijaze udongo mtupu, uukanyage mpaka ushikane kama uwanja wa shule. Yainamishe juu ya tofali, na chini ya kila moja weka bakuli. Wagawe watoto makundi mawili, kila kundi liweke kunde zake kwa sinia linaloamini kwamba maji yake yatafika chini mwanzo. Kisha mimina maji sawa kwa sawa.

Udongo mtupu huachilia maji mara moja, mengi, mekundu kama chai. Ukoka huyakawiza, yashuka kidogo kidogo na ni meupe. Hapo sina haja ya kuhubiri. Mtoto mwenyewe ageuka kuangalia uwanja wa shule, aangalia na mtaro uliojaa mchanga, ashika kichwa. Mmoja aliuliza, kwani mchanga ulio ndani ya kisima chetu ulitoka uwanjani? Waweza kuwa ulitoka huko, nikamjibu, tukapaangalie.

Kutoka hapo twaingia kwenye hesabu, na walimu hufurahi kwa sababu yaingia vizuri katika Mtaala wa Umilisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Sheria ni hiyo tu. Watoto walipima paa la darasa moja kwa hatua na kamba, wakapata kama mita 7 kwa mita 8, yaani mita 56 za mraba. Mvua kubwa ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo peke yake lamwaga lita 2,800. Hiyo ni mitungi 140 ya lita 20. Shule ina madarasa manane, piga hesabu: mitungi 1,120, yote yaangushwa uani kwa saa chache, halafu twashangaa choo kimejaa. Wasichana ndio walioelewa upesi kuliko wavulana. Mitungi 1,120 wao waijua uzito wake, wao ndio wachotaji.

Mchezo wa pili ni wa dadu. Huu sikuutunga mimi. Kituo cha Tabianchi cha Msalaba Mwekundu ndicho kilichoanza kuwachezesha watu michezo ya namna hii, kwa dadu na maharagwe, hata maofisa wakubwa mikutanoni. Sisi tumeubadilisha uwe wa Vanga.

Wachezwa hivi. Kila kundi lapewa kunde 10. Kuna dadu mbili. Ya kwanza ni mvua ya Usambara, ya pili ni mvua ya hapa. Zote zikirushwa na jumla ikawa 10 au zaidi, ni mafuriko. Kabla ya kurusha, kila kundi laamua: kujitayarisha au kukaa tu. Kujitayarisha kwagharimu kunde 1, maana kupandisha unga darini na kuzibua mtaro ni kazi, si bure. Usipojitayarisha na mafuriko yakaja, walipa kunde 4. Na kuna kununua habari: ukitoa kunde 1 mwanzo wa mchezo, kila raundi waonyeshwa dadu ya Usambara kabla hujaamua. Ni kama una jamaa kule juu akupigie simu. Raundi ni sita.

Sasa niwaambie ukweli wa siku ya kwanza. Kundi moja la wavulana lilikataa kabisa kujitayarisha, raundi zote sita. Na mafuriko hayakuja hata mara moja! Wakamaliza na kunde zao 10, wakaruka, wakapiga makofi, wakawaita wenzao waoga. Kundi lililojitayarisha kila mara lilibaki na kunde 4, wamenuna. Mimi nilisimama pale nimeaibika, mwalimu akiniangalia kama aniuliza, hili ndilo somo ulilotuletea?

Nilitaka niokote dadu zangu niende. Baadaye nikafikiri, hapana, haya ndiyo maisha yetu. Ni mara ngapi tumemsikia mtu akisema, mimi nimejenga pale miaka mitano na maji hayajanifikia? Yeye ni yule mvulana mwenye kunde 10. Hakuwa na akili kuliko wenzake, alikuwa na bahati, na bahati haimfunzi mtu kitu. Tukacheza tena wiki iliyofuata. Mafuriko yakaja mara mbili. Wale mabingwa wakabaki na kunde 2. Waliojitayarisha kila mara, 4 kama kwanza. Walionunua habari wakabaki na 6, kwa sababu walijitayarisha raundi tatu tu, zile dadu ya mlimani ilipotoa 5 au 6.

Hapo ndipo wakaanza kuhesabu wenyewe. Dadu ya mlimani ikitoa 1, 2 au 3, mafuriko hayawezekani, hata ya hapa ikitoa 6 jumla haifiki 10. Ikitoa 6, uwezekano ni nusu kwa nusu. Basi habari ya mlimani ina thamani. Mtoto mmoja akauliza, na sisi kwa kweli, nani hutupigia simu kutoka Usambara? Nikakosa la kumjibu. Nawauliza nyinyi sasa: kati yetu hapa, wangapi wana ndugu Lushoto, au Mlalo, au popote mto unapopita kabla ya kuja hapa? Naona mikono. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na sikuwahi kuuliza swali hilo mpaka mtoto aliponiuliza.

Mwingine alinikosoa kabisa. Mtoto wa mvuvi. Akasema, mchezo wako una makosa, bamvua iko wapi? Kweli, nilikuwa nimeisahau bahari. Mimi si mzaliwa wa pwani, na hapa huonekana. Mwajua kuliko mimi: mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hujaa sana, na maji ya mto yakija saa hiyo hayana pa kwenda, yarudi nyuma mitaani. Siku za maji mafu mto huo huo wapita bila kelele. Basi tukaongeza sheria: siku ya bamvua, ongeza 2 kwenye jumla ya dadu. Watoto wakaandika njia zote 36 za dadu mbili kuanguka. Siku ya kawaida mafuriko ni mara 6 katika 36. Siku ya bamvua ni mara 15 katika 36. Hizi ni hesabu za mchezo jamani, si vipimo vya mto, msije mkasema nimetabiri. Lakini tangu siku ile watoto wakisikia mvua huuliza kwanza mwezi uko wapi.

Kuna mingine midogo sitaikalia. Nyoka na ngazi, kwa mfano, iliyochorwa juu ya gunia: umezibua mtaro, panda, umetupa nepi kwenye mtaro, shuka mpaka namba 3. Shirika la UNICEF na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kupunguza maafa walitoa mchezo wa namna hiyo uitwao Riskland, lakini gunia na rangi vyatosha. Na wa vijiti: wapanda vijiti kwenye mchanga kama mikoko, kisha wasukuma mawimbi kwa ubao. Wenzetu wa Vanga Blue Forest, yaani wanavijiji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanaotunza mikoko na kuuza hewa ya ukaa, wameshaeleza habari za mikoko vizuri kuliko mimi. Nitaongeza moja tu. Mkoko huvunja nguvu ya wimbi na kushika tope, lakini hautazibua mtaro wa nyuma ya nyumba yako.

Sasa nafika kwenye mchezo wa tatu, na hapa naomba mnisikilize kwa moyo.

Tunauita kufuata maji. Kila mtoto atengeneza kidau cha kumbi la nazi, aandike namba yake. Mvua ndogo ikinyesha, twaviweka vidau kwenye maji yanayotoka lango la shule, kisha twavifuata kwa miguu. Kinapokwama, twachomeka kijiti. Mwisho wachora ramani: maji yalipita hapa, yalikwama hapa, yaliingia kwa fulani. Huu haufanywi mtoni, na haufanywi mvua ikiwa kubwa. Maji yanayokwenda kasi, yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, juu kidogo ya kifundo cha mguu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Mtu mzima mmoja kwa watoto watano, si chini ya hapo.

Basi vidau vikaenda. Viwili vikakwama kwenye mifuko ya plastiki, kimoja kikaingia uani kwa mtu. Vilivyobaki, karibu thelathini, vyote vilikwenda kurundikana mahali pamoja: kwenye ukuta wa banda la kuku la kikundi kimoja. Vilikaa pale vikizungukazunguka. Watoto wakanyamaza, wakaniangalia mimi.

Wakaniangalia kwa sababu wajua. Kikundi kile nilikuwa mshauri wake. Ombi la fedha za banda niliandika mimi kwa mkono wangu. Siku ya kufungua nilikata utepe, picha ipo.

Yule Mzee niliyewatajia alikuwa amekuja siku hiyo, kusimama tu na bakora yake. Akasema polepole, "Mwalimu, hapa palikuwa na mkondo tangu sisi tuko watoto. Tulikuwa tukivua vidagaa humu wakati wa masika." Nikamuuliza, mbona hamkusema? Akasema, "Mlikuja na kamba ya kupimia na karatasi. Hamkuuliza."

Nyuma ya ukuta ule kuna nyumba tatu. Masika yaliyotangulia ziliingia maji. Nyumba mojawapo bibi alikesha juu ya meza na wajukuu wawili, unga wote umeharibika, choo kimefurika hadi mlangoni. Mimi nilikwenda pale na blanketi na sabuni, nikamwambia pole bibi, Umba umetuonea. Haukuwa Umba. Maji yale yalikuwa ya mvua ya hapa hapa, mitungi ya paa la shule na ya mapaa mengine, yakienda baharini kwa njia yake ya miaka yote, yakakuta tofali zetu.

Tulipopeleka ramani ya watoto kwenye mkutano wa kikundi, kulichafuka. Mmoja akasema, hawa watoto wanafundishwa kuwasema wakubwa. Mama mmoja akalia, kwa sababu kuku wale ndio karo. Wengine wakataka ramani irudi shule, isionekane. Na kwa haki, nilielewa. Kwetu mtoto hamwambii mzee umekosea. Lakini watoto hawakusema kitu, wazee wangu. Makumbi ya nazi ndiyo yaliyosema.

Sikujibu siku hiyo. Nilitoa dadu, nikawaomba watu wazima wacheze. Walicheza mpaka magharibi, kwa kelele kuliko Gredi ya 5, na mweka hazina alifilisika raundi ya tatu. Kisha tukafanya igizo la kuvuka mto. Waliosoma DELTA zamani wanalijua, limo katika vitabu vya Training for Transformation vya Anne Hope na Sally Timmel, vilivyotoka mwaka 1984. Watu wawili wafika mtoni, waogopa. Wa tatu ambeba mmoja mgongoni, achoka, amwacha katikati juu ya kisiwa. Wa pili amshika mkono, amwonyesha mawe ya kukanyaga, na huyo avuka kwa miguu yake. Nilipouliza, sisi katika kijiji hiki tuko wapi kwenye mto huo, mwenyekiti wao akasema, tuko kisiwani, twangoja blanketi.

Wiki iliyofuata walitoboa ukuta mahali pawili, upana wa mtu kupita. Bomba walilikataa, na nafikiri walikuwa na haki, maana bomba jembamba huziba kwa takataka mvua ya kwanza. Kuku walihamishiwa upande wa juu, kazi ya siku mbili, mifuko miwili ya saruji. Watoto walirudi na vidau vyao wakahesabu vilivyopita. Masika yaliyofuata nyumba mbili kati ya zile tatu zilikaa kavu. Ya tatu bado, kwa sababu kuna jirani ameweka rundo la mawe yake ya kujengea kwenye mkondo huo huo, na hataki kuyasogeza mpaka apate mahali pengine. Twaendelea kuzungumza naye. Ni mtu mwema, ana hoja yake, kiwanja amekinunua.

Mwaka 2024 mafuriko ya Machi hadi Mei yaliua zaidi ya watu 200 katika Kenya. Sikuja kusema kwamba kunde na dadu zingewaokoa. Mto Umba ukija kwa nguvu zake zote, matundu yetu mawili ukutani hayatauzuia, hapo ni kuhama mapema, na kuhama mapema kwataka ile simu kutoka juu. Hao walioinua mikono, nawaomba tubaki kidogo baada ya mkutano tuandike majina na namba za jamaa zenu.

Kwa vikundi vinavyotaka kuanza, mahitaji ni haya: makopo mawili, masinia mawili, kunde kibaba kimoja, dadu mbili (za kuchonga kwa mti zafaa, lakini hakikisheni zimesawazika, za kwetu za kwanza zilipenda 4), na makumbi, ambayo sioni mtu wa Vanga akiyakosa. Msiwape watoto peremende kwa kushinda, tulijaribu, wakaanza kuiba kunde. Na kabla hamjafanya mchezo wa kufuata maji, kaeni kwanza kama kikundi mkubaliane mtafanya nini vidau vikisimama mlangoni kwa mmoja wenu. Sisi hatukufanya hivyo, na nusura kikundi kivunjike.

Mzee yule sasa ni mwalimu wetu. Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, atatutembeza kuonyesha mikondo mingine ya zamani aliyoijua, na Gredi ya 6 watachora. Tukutane langoni pa shule. Njooni na viatu msivyovipenda.

Sasa, Mwenyekiti, habari ya mkopo nakuachia wewe.